Ukumbi Uliojazwa Saruji

Wewe unayesoma, hebu nikupime. Kuna duka halina rafu wala mizani. Ukiingia unatoa pesa. Ukitoka, mikono mitupu, na bado unacheka njia nzima. Ni duka gani hilo?

Usikimbilie kujibu. Fikiri kwanza.

Bado? Haya, nakuambia. Ni ukumbi wa maigizo. Kama hukupata, usijione mjinga. Kuna mtaa mzima ambao haukupata, na aliyechelewa kuliko wote alikuwa Fundi.

Fundi alikuwa mshona nguo. Cherehani yake ilikaa mlangoni, penye mwanga. Shingoni utepe wa kupimia, mdomoni pini. Ukimsalimu alikuitikia kwa pua, kwa sababu ya zile pini. Mkewe alikata vitambaa na kupiga pasi. Walikuwa na binti mmoja. Watu walimwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajanyamaza.

Chiriku alikuwa mwigizaji. Kila Jumamosi alasiri, yeye na wenzake waliigiza katika ukumbi wa mtaa, ng'ambo ya barabara. Mavazi yao aliyashona Fundi, kwa mabaki ya vitambaa, huku ananung'unika.

"Mtu mzima unajipaka unga usoni," alimwambia binti yake. "Wenzako wana kazi."

"Na hii ni nini, Baba?"

"Hii ni michezo."

"Basi njoo uutazame huo mchezo, hata siku moja."

"Mimi nina kazi," alisema Fundi, akaikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie jibu.

Hakuwahi kuingia ukumbini.

Siku moja akaja mfanyabiashara wa saruji. Alitaka ukumbi uwe ghala lake. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano katika ofisi ya mtaa.

"Mwenye saruji atalipa kodi kila mwezi," alisema Mwenyekiti. "Hawa waigizaji wanatupa nini? Kelele! Haya, nani hapa amewahi kushiba kwa sababu ya maigizo? Anyooshe mkono!"

Watu wakaangua kicheko. Hakuna mkono uliopanda.

Chiriku akasimama.

"Mkipata mgeni mkubwa, mnaniita niwachangamshe," alisema. "Mkiwa na harusi, mnaniita. Mnanipa soda na makofi, nakwenda zangu. Sijawahi kulalamika. Leo ndiyo nimekuwa kelele?"

"Kaa chini, binti. Mimi nimeuliza swali. Nani ameshiba?"

Chiriku akamtazama baba yake. Fundi akatazama viatu vyake. Kisha wakaambiwa wanaokubali saruji wanyooshe mikono. Na Fundi akanyoosha.

Inaudhi, siyo? Baba mzazi! Nguo za waigizaji kazishona yeye, halafu mlango anaufunga yeye.

Mwenye saruji akapewa ukumbi kwa majaribio. Ilisemwa kwamba baadaye mkutano utakaa tena, apewe moja kwa moja.

Jumamosi iliyofuata mtaa ulipoa. Mama wa chai alirudi nyumbani na chupa zake zimejaa. Msusi alikosa kichwa cha kusuka, akajisuka mwenyewe. Vijana waliozoea kujifunza ngoma ukumbini wakahamia ukutani, wakawa wanagombana na kila apitaye. Vumbi la saruji likatua juu ya nguo alizopiga pasi mke wa Fundi.

Na wateja wa Fundi wakapungua. Kisha wakakatika kabisa.

"Ni mitumba hiyo," alisema Fundi.

Baadaye akasema, "Ni kibao changu, kimefifia." Akakipaka rangi upya. Hakuja mtu.

"Basi kuna mtu ananionea kijicho."

"Akuonee kijicho cha nini, Baba Chiriku?" mkewe alimuuliza. "Cha cherehani inayolala mchana?"

Katika mtaa ule aliishi afisa utamaduni. Walimwita Bi Utamaduni. Siku ya mkutano hakuwapo, alikuwa amejifungua. Sasa alikuja kwa Fundi, mtoto mgongoni, ili apanuliwe gauni la kazini. Alipogeuka akaona mifuko ya saruji imefika hadi madirishani mwa ukumbi.

"Nani kafanya upuuzi huu?" aliuliza.

"Ni mkutano," alisema Fundi.

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

Fundi akainamia cherehani. Mkewe akamjibia. "Hakusema kitu. Alinyoosha mkono."

Bi Utamaduni akavuta kiti, akakaa.

"Fundi, nikuulize. Mteja akija kwako, anaagizaje nguo?"

"Anasema, nishonee gauni kama la Malkia. Mwingine anataka koti kama la Hakimu. Hata shati la Mlevi waliwahi kulitaka."

"Malkia yupi? Mtaa huu una malkia?"

Fundi akabaki mdomo wazi. Pini zikamdondoka mapajani. Gauni lile alilishona kwa mikono yake mwenyewe, na hakuwahi kujiuliza watu waliliona wapi.

"Ni Chiriku," alisema polepole.

"Ni Chiriku, jukwaani! Jumamosi watu wanaiona nguo, Jumatatu wanakuja kwako. Wewe ulidhani wanaletwa na kibao?"

"Mimi nilidhani ni ufundi wake," alisema mkewe.

"Ufundi anao, Mama Chiriku. Lakini nani angeuona hapa mlangoni?" Bi Utamaduni alikuwa amekasirika, akawa anampigapiga mtoto mgongoni asiamke. "Sanaa ni kazi. Tena ni kazi inayozaa kazi. Wewe unashona, yule anauza chai, yule anasuka, na fundi umeme anafunga taa. Wala si pesa tu. Zahanati ilibandika tangazo la kifua kikuu, watu wakalipita kama hawalioni. Chiriku na wenzake wakaigiza mzee anayeficha kikohozi. Watu wakacheka, halafu wakaenda kupimwa. Jirani yenu fundi baiskeli alijiona pale jukwaani. Leo amepona. Hiyo ndiyo kelele?"

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Fundi. "Saruji imeshaingia."

"Ni majaribio tu. Kikundi kijiandikishe, kifunge mkataba na mtaa. Sehemu ya kiingilio iende kwenye matengenezo ya ukumbi. Na hii ya kuitwa kwa soda iishe! Wakiitwa kuigiza, wapatane malipo kwanza. Lakini kwenye mkutano, wanaopata riziki kupitia ukumbi waseme wenyewe. Msiende kuomba huruma. Nendeni mkaseme ukweli."

"Baba hatasema," ilisikika sauti ya Chiriku kutoka ndani. "Anaogopa kuchekwa."

Fundi akaokota pini zake, moja moja.

Najua unataka kujua kama ukumbi ulirudi. Ulirudi. Mwenye saruji alipata banda karibu na barabara ya malori, na linamfaa zaidi. Kikundi kina mkataba. Pesa za kiingilio zimeziba paa lililokuwa linavuja. Vijana wametoka ukutani, wanapiga ngoma ndani. Mama wa chai ameongeza mabenchi. Fundi ana msaidizi sasa, na Jumamosi alasiri anafunga cherehani, anakwenda kukaa safu ya mbele. Chiriku akiitwa kwenye sherehe, hupatana kwanza.

Lakini hayo hayakuanza na mkataba. Yalianza hivi.

Mkutano wa pili ulijaa mpaka nje ya ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alikuja na utani wake uleule.

"Nasikia kuna manung'uniko," alisema. "Haya, swali langu ni lile lile, na mpaka leo sijajibiwa. Nani hapa amewahi kushiba kwa sababu ya maigizo?"

Watu wakaanza kucheka. Mama wa chai aliinua kichwa, kisha akakiinamisha. Msusi akamtazama fundi umeme, fundi umeme akatazama dari. Chiriku akanyanyuka, akaelekea mlangoni. Alikuwa amechoka.

Huko nyuma kiti kikakwaruza sakafu. Fundi alikuwa amesimama.

"Mimi," alisema.

Kicheko kikakatika.

"Mimi nimeshiba. Mke wangu ameshiba. Nyumba yangu yote imeshiba kwa kazi ya binti yangu, na mkono huu ndio niliounyoosha ili afungiwe mlango. Umejibiwa, Mwenyekiti. Sasa cheka."