Suti Saba Zilizochanwa Shingo

Suti saba zilining'inia kwenye viango, kila moja mahali pake, na zote zilikuwa zimechanwa kutoka kidevuni hadi kifuani.

Inspekta Gudrun Thisted alizipitia moja moja akiwa amevaa glavu. Zilikuwa suti nene za mpira, zile wanazovaa wahandisi wa mitambo ya upepo wanapotoka kwenda baharini. Ukitumbukia bila suti, baridi inakumaliza kabla mashua haijageuka. Asubuhi hiyo bahari ilikuwa imetulia, jambo la nadra katika bandari ya Hvide Sande mwezi wa Machi, na ilikuwa siku ya kwenda kuifufua mitambo iliyosimama tangu dhoruba. Sasa mashua ilikuwa imefungwa gatini, na nahodha wake, Mogens, alikuwa akimlaani kila aliyepita.

Mlango wa stoo ya suti haukuvunjwa. Wenye ufunguo walikuwa watatu tu: Mogens, mhandisi Signe Krogh, na Ejnar Vestergaard, mhandisi mkongwe kuliko wote.

Sajenti wake alisema hilo ni jaribio la mauaji. Gudrun akatikisa kichwa.

"Muuaji angetoboa tundu dogo kwapani, lisionekane. Huyu alitaka lionekane. Hakutaka mtu afe. Alitaka watu wasiende."

Alianza na Mogens, kwa kuwa bandari nzima ilijua amegombana na ofisi kuhusu likizo yake. Nahodha hakukana ugomvi.

"Lakini nikitaka kukwamisha safari, inspekta, nasema injini inakohoa," alisema. "Nani atanibishia?"

Gudrun alikaribia kucheka. Akamwachia akanywe kahawa yake.

Signe aliingia amekunja mikono. Alieleza kuwa jana jioni alitoka mapema kumchukua mtoto, na Ejnar ndiye aliyefunga stoo.

"Safari yenu ya mwisho ilikuwaje?"

"Kawaida tu."

"Hakuna hata dogo?"

Signe alisita. "Ejnar alikwama ngazini, ndani ya mnara. Kulabu ya mkanda wake wa usalama ilinasa. Mimi nilikuwa chini yake, nikamngoja mpaka mikono ikafa ganzi. Lakini inspekta, usimwandame mzee yule. Kazi hii kanifundisha yeye."

Gudrun aliomba mkanda huo, akaufungia kwenye ngazi ya mazoezi uani, akaivuta kulabu juu na chini. Iliteleza kama kisu kwenye siagi. Akamuuliza fundi wa vifaa ni nani aliyeitengeneza tangu safari ile. Fundi akasema haijaguswa na mtu, wala hakuna aliyemwambia kuwa ina hitilafu.

Hapo ndipo mambo yalipomkaa sawa. Kila mtu pale alimjua Ejnar kuwa mtu asiyeacha skrubu iliyolegea. Mtu wa namna hiyo harudishi mkanda mbovu kwenye msumari akanyamaza.

Alimkuta chumba cha chakula, mkate wake mweusi na samaki bado havijaguswa.

"Kulabu haikunasa, Bwana Ejnar."

"Haikunasa."

"Nini kilinasa, basi?"

Ejnar aliitazama mikono yake, mikubwa, yenye makovu. "Mimi."

Kisha yakatoka yote, polepole. Miaka ishirini alikuwa akiipanda minara ile kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake. Siku ile alitazama chini, mikono ikagoma. Haikumtii kwenda juu wala kurudi.

"Na Signe yuko chini yangu. Ningeteleza, ningemvunja shingo. Kulabu nimeitunga baadaye."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikwenda mpaka mlangoni kwa meneja. Mara mbili. Nikaishia kumsalimia." Aliusogeza mkate kando. "Jana wakatangaza bahari itatulia. Nikachukua kisu cha kukatia nyaya, nikachana suti yangu. Halafu nikaona, watanipa ya akiba. Nikachana zote."

Signe alikuwa amesimama mlangoni. Gudrun alimwona, hakumfukuza.

"Ungeniambia," Signe alisema.

"Wewe ndiye wa mwisho ambaye ningeweza kumwambia."

Signe alikaa kando yake. "Suti yangu ilikuwa mpya, mzee," alisema, na Ejnar akatikisika mabega. Haikujulikana mara moja kama analia au anacheka.

Shtaka lilikuwa la kuharibu mali, naye alilikubali bila wakili. Gudrun aliandika maelezo mwenyewe, taratibu, akahakikisha kwamba neno hofu limo, kwa sababu hakimu angehitaji kulisoma.

Walipomaliza, Signe alikuwa nje ya kituo cha polisi ndani ya gari, akimngoja Ejnar, injini inanguruma. Ejnar alipoingia, Gudrun aliwasikia kupitia dirisha lililo wazi. Signe alikuwa akisema chumba cha kuongozea mitambo, huku nchi kavu, hakina mtu anayeujua kila mnara kwa mlio wake. Ejnar akasema atafikiri.

Gari halijafika hata kona, Ejnar alikuwa ameshaanza kumweleza Signe, suti mpya zikifika, aanze na mnara upi, na kwa nini.