Upande wa Juu

Jumamosi ile ilianza vizuri tu. Mama Kidege alifua, akamsuka bintiye huku wakigombana kama kawaida yao, kisha akafunga michoro yake kumi na mmoja ndani ya shuka kuukuu na kuipeleka kwa fundi wa fremu, mtaa wa pili. Kidege, mwenye miaka sita, alibaki nyumbani na shangazi yake.

Michoro yenyewe haikuwa na sura ya kitu chochote. Aliianza wiki moja baada ya kumzika mama yake, bila kupanga, mkono ukienda unakotaka wenyewe. Kila mmoja ulitoka na mistari ya kijivu iliyolala, mraba wa njano na doa jekundu. Ilipofika mitano ndipo aliposhtuka: doa lilikuwa linapanda. Katika kila mchoro lilivuka mstari mmoja, likiufuata mraba wa njano kule juu.

Alilia kwa furaha siku hiyo. Mama anaiendea nuru, alijiambia. Tangu hapo, kila alipomaliza mchoro aliweka kiganja mezani kando yake na kunong'ona, "Songa, mama. Kidogo tena."

Alilihitaji jambo hilo, maana mama hakufa vizuri. Mwezi wake wa mwisho, katika chumba cha ghorofani, akili ilimruka. Siku moja aliukamata mkono wa Kidege mpaka kucha zikazama. Wakamkataza mtoto kupanda juu. Bibi akalia, akatukana, halafu akatulia ghafla na kusema, "Kama hammleti, nitashuka mwenyewe."

Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi zamani. Walimkuta asubuhi, macho yakitazama mlango.

"Leo umeniletea ukoo mzima!" fundi alitania, penseli sikioni. Akashika mchoro wa kwanza, akapitisha kidole kwenye ukingo wake, akaanza kufunga kulabu.

"Fundi, umeupindua. Njano inakaa juu."

"Inakaa chini."

"Nimechora mimi au umechora wewe?"

"Umechora wewe, Mama Kidege, lakini michoro yenu hii haina kichwa wala miguu. Mimi naangalia matone. Rangi haijui kupanda." Akamwonyesha. Michirizi myembamba myekundu, kama nyuzi, ilikuwa imeteremka kuelekea upande ambao siku zote yeye aliuita juu.

Alicheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

Yeye alichorea mezani. Michoro ilikauka hapohapo, imelazwa, siku mbili nzima, katika chumba alichokifunga kwa sababu ya mikono ya Kidege isiyotulia. Ufunguo aliuvaa shingoni. Rangi iliyolazwa haichirizi.

Kuna mtu aliyeisimamisha ikiwa mbichi.

Fundi alikuwa ameshaipanga yote ukutani, mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata matone. Mama Kidege akatazama. Mistari ya kijivu ilikuwa vidato. Akavihesabu ingawa alijua idadi yake, maana alivipanda na kuvishuka kila siku. Kumi na viwili. Ngazi ya nyumbani kwake. Na chini kabisa, mahali ngazi inapoishia, mraba wa njano: pazia la mlango wa chumba cha Kidege.

Doa halikuwa linapanda.

Lilikuwa linashuka. Kidato kwa kidato. Katika mchoro wa kumi na moja lilikuwa limebakiza kimoja. Na ni yeye, kwa mdomo wake, aliyekuwa akiliambia songa.

"Mama Kidege, vipi?"

"Wa kumi na mbili uko mezani," alinong'ona. "Vidato nimechora. Njano nimechora. Doa sijaliweka."

Hakungoja jibu. Alikimbia.

Shangazi alikuwa uani akianua nguo.

"Kidege yuko wapi?"

"Chumbani kwake, anacheza. Wifi, mbona unahema hivyo?"

"Anacheza na nani?"

"Na nani tena? Peke yake."

Ndani kulikuwa kimya. Hakuitazama ngazi. Alipita upande upande, mgongo ukikwaruza ukuta. Akalivuta pazia la njano.

Kidege alikuwa amekaa kitandani, akining'iniza miguu. Mzima. Mama akamkumbatia.

"Mama, unanibana!"

"Ulikuwa unaongea na nani?"

Mtoto akamsogezea mdomo sikioni. "Na bibi. Anauliza kwa nini leo hujamwambia songa."

Alimbeba. Akaenda naye mpaka chumba cha kuchorea. Mlango ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Akaufungua.

Mchoro wa kumi na mbili haukuwa mezani. Ulisimama sakafuni, umeegemezwa ukutani, njano chini. Doa halikuwamo. Akashusha pumzi.

Kisha akauona mchirizi. Mmoja tu, mwekundu. Ulianzia ukingo wa juu, ukapita vidato vyote, ukakata mraba wa njano katikati, ukatokea chini. Ukaendelea sakafuni. Ukapita kati ya miguu yake, ukatoka mlangoni.

Walihama mchana huohuo, wakaenda kwa shangazi, nyumba isiyo na ngazi. Michoro yote kumi na miwili ilichomwa. Mama Kidege hajashika brashi tena.

Hayo ni ya miaka mitatu iliyopita. Shangazi ndiye anayesimulia, kwa sauti ya chini, kwa kuwa ndiye anayewafulia. Kidege sasa ana miaka tisa na hukataa nguo za mikono mifupi. Kila Jumamosi shangazi anazigeuza nguo zake ndani nje, na kila Jumamosi mkono wa kushoto unakuwa na madoa matano mekundu, manne upande huu na moja upande ule, kama ya vidole.

Ameyanusa. Si damu. Ni rangi.

Hajawahi kuikuta imekauka.