Swichi Chini ya Zulia

Gari lilizimika katikati ya mzunguko wa soko, saa tisa alasiri, mji mzima ukiwa barabarani. Lilikuwa gari la mbio, jekundu, la milango miwili, lenye umri mkubwa kuliko aliyeliendesha. Honi zikaanza. Mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye mtaa mzima ulimwita Ticha, aliteremka na gauni lake la buluu lenye madoa meupe, akafungua boneti kana kwamba anajua anachotafuta.

"Usiguse hapo, dada, utaungua."

Aliyesema ni fundi umeme wa gereji iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Walimwita Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Ovaroli yake ilikuwa imelowa oili, lakini kola ya shati ilikuwa nyeupe pe, na Ticha, niseme ukweli, aliiona kola kabla ya kumwona mtu.

"Huwa linazima wakati gani?"

"Likijisikia. Hasa nikiwa nimevaa vizuri."

"Basi litakuwa linazima kila siku," alisema Waya, kisha akaona haya mwenyewe.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake Ticha, aliyekuwa akishindana nalo Jumapili. Viti bado vilinukia ngozi na tumbaku yake. "Kiti cha dereva ni cha baba na changu tu," Ticha alimwambia fundi siku ile ile, naye Waya akaliheshimu hilo.

Hitilafu inayokuja na kuondoka haikamatwi gereji. Ukilipeleka gari kwa fundi, linanguruma vizuri kabisa. Lazima fundi awe ndani linapozimika. Waya alifunga taa ndogo kwenye waya wa pampu ya mafuta, akaileta mpaka kwenye dashibodi. Kila alasiri baada ya masomo, walizunguka mji wakiisubiri izime.

"Macho kwenye taa, fundi."

"Na yako barabarani, Ticha. Mbona yananiangalia mimi?"

Siku ya nne, wakipanda mlima, injini ilikufa na taa ikazima pamoja nayo. Waya alipiga kelele kwa furaha. Pampu ilikuwa haipati umeme! Alichomoa rilei, kile kidude kinachoipelekea pampu umeme, akaifungua, akaona ufa mwembamba kwenye lehemu. Ikipata moto ufa unaachia, ikipoa unashika. Akalehemu upya, na kwa siku tatu gari halikuzimika hata mara moja.

"Limepona," alisema, na hakuna kati yao aliyefurahi.

Hapo ndipo Ticha alipofanya alichofanya. Chini ya zulia, karibu na kisigino chake cha kushoto, kulikuwa na swichi ambayo baba yake aliificha kwa ajili ya wezi. Ukiibonyeza, moto wa plagi unakatika. Mama yake na yeye tu ndio walioijua. Jumatatu akaibonyeza.

"Ajabu! Taa inawaka, pampu ina umeme, lakini gari limezima," alisema Waya. "Hii ni hitilafu nyingine kabisa."

"Maskini," alisema Ticha. "Itabidi uendelee kuja."

Alikuja kwa wiki tano. Alibadilisha koili inayotoa moto wa plagi, akafuata nyaya moja moja kuanzia kwenye ufunguo, ila hakufunua zulia la kiti cha baba, akachora ramani yake daftarini. Walimenya machungwa juu ya boneti yenye joto, kaseti za baba zikiimba ndani. Mimi jirani yake nazikumbuka alasiri zile kwa wivu, na sitamlaumu Ticha. Alikuwa hajacheka tangu msiba.

Kisha jioni moja simu ikalia.

"Ticha, mpenzi." Waya hakuwa amewahi kumwita hivyo. Ticha akakaa kitandani. "Tafuta fundi mwingine. Limenishinda."

"Gari moja tu, Waya?"

"Gereji wananicheka. Siku hizi hata nikifunga taa ya mteja naikagua mara tatu. Nimepata kazi ya kulinda ghala, mji mwingine. Naondoka kesho asubuhi."

"Wewe, kulinda ghala?"

"Ghala halizimi." Akakata simu.

Mama yake alikuwa mlangoni. "Mwanangu, ile swichi ya baba yako bado ipo?"

"Mama!"

"Viatu vyako vyote vimelika kisigino cha kushoto. Unadhani sioni?" Akaketi kando yake. "Ukinyamaza, yule kijana atajiona hajui kazi maisha yake yote. Ukisema, huenda asikutazame tena. Amua mwenyewe."

Asubuhi Ticha aliliingiza gari gereji, akiwa na gauni la nyumbani, nywele hazijachanwa. Waya alikuwa ameshika begi, akiagana na wenzake. Ticha akashuka, akaacha injini ikinguruma na mlango wa dereva wazi.

"Kaa."

"Hicho ni kiti cha baba yako."

"Nimesema kaa." Akalifunua zulia. "Bonyeza hapo."

Injini ikafa. Waya akabonyeza tena, akawasha, ikanguruma. Alibaki ameitazama ile swichi.

"Huyu alilitengeneza gari langu tangu wiki ya kwanza," Ticha aliwaambia mafundi wote kwa sauti ya darasani. "Mimi ndiye niliyekuwa nalizima. Hakushindwa na chochote." Kisha akamgeukia Waya. "Kila siku nilitaka uje kesho yake."

Waya hakucheka. Alitoka garini, akachukua begi, akatembea mpaka getini.

"Wiki tano, Ticha. Nilikuwa silali."

"Najua. Nisamehe."

"Ungesema tu, njoo."

"Na wewe ungesema tu, nitakuja."

Wenzake walijifanya wanafanya kazi. Waya akarudi, akalitua begi juu ya meza ya vifaa.

"Jumapili mama atakuwepo nyumbani?"

"Atakuwepo. Lakini gari halina ubovu..."

"Gari liache. Mwambie nitakuja na mjomba wangu."

Fundi mmoja akadondosha spana. Ticha alitoa simu kwenye mfuko wa gauni, akapiga nyumbani.

"Mama? Hajaondoka. Anakuja Jumapili, na mjomba wake."

Simuni Ticha akasikia viti vinasogezwa; mama alikuwa ameshaanza kuandaa sebule kwa wageni wa posa.