Siafudamu na Hasira za Mzee Masalu

Siafudamu laki nne waliingia mwilini mwa Mzee Masalu kwa sindano moja, na mzee akawakaribisha kwa makelele.

"Hii ni sindano au mkuki?" alimfokea roboti muuguzi, ambaye kwa bahati nzuri hakuundiwa moyo wa kuudhika.

Binti yake, Mhandisi Nyamizi, alisimama kando ya kitanda. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha ukutani, ambako vile vijimashine, kila kimoja kidogo kuliko chembe ya damu, vilijipanga msafara kuelekea kwenye figo na ubongo. Yeye ndiye aliyevibuni. Kila siafu alikuwa na taya za salfa, na zebaki ikikutana na salfa hung'ang'ania kama kupe. Siafu akishaibana huirudisha hadi kwenye mrija wa mkononi, akaitema kichupani.

Mzee aliivuta zebaki hiyo miaka kumi na mitano ya ujana wake, hapa hapa Geita, kabla maghorofa hayajaota juu ya mashimo ya wachimbaji wadogo. Waliichanganya na mchanga wenye dhahabu, kisha wakaichoma kikaangoni ili dhahabu ibaki peke yake. Moshi wake hupita puani ukaenda kukaa kichwani. Hutetemesha mikono, hufukuza usingizi, na mtu mpole humgeuza mwiba. Hilo la mwisho Nyamizi alilisoma akiwa chuoni, na tangu siku hiyo hakutulia. Je, baba aliyemwogopa maisha yake yote alizaliwa hivyo, au alifanywa hivyo?

Maana kumbukumbu yake ya kwanza kabisa ilikuwa ya baba huyo akiwafukuza jikoni, yeye na mama yake. "Tokeni! Nje! Sitaki kumwona mtu humu!" Kisha komeo likalia.

Siku ya tisa kichupa kilikuwa na tone moja linalong'aa, dogo kama punje ya ulezi. Vipimo vyote vilisema mzee amepona. Nyamizi alivibuni yeye mwenyewe vipimo hivyo, lakini kwa ugonjwa wa hasira alijua kipimo kimoja tu cha kuaminika. Akampigia simu Mzee Pazi.

Mzee Pazi alikuwa Mzaramo, jirani yao wa zamani. Msukuma na Mzaramo ni watani, ila Pazi aliacha kumtania Masalu miaka thelathini iliyopita, siku aliporushiwa kigoda. Sasa alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, tayari kwa mbio.

"Mtani, kumbe hujafa? Na mimi nimeshachonga jeneza! Sasa mbao nizipeleke wapi?"

Nyamizi akakitazama kiti kilichokuwa karibu na mkono wa baba yake.

"Usizipeleke popote," Mzee Masalu alisema taratibu. "Lala humo wewe. Mzaramo hana hasara, ngoma ikilia hata kaburini ataamka!"

Pazi aliangua kicheko, Masalu akamfuata, wakacheka hadi roboti muuguzi akaja mbio kupima mapigo ya moyo. Nyamizi alicheka huku akilia, wala hakuona haya. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na leo ndiyo kwanza anasikia kicheko cha baba yake.

Chai ikaletwa. Mzee alinyanyua kikombe kilichojaa, na halikumwagika hata tone.

"Baba," Nyamizi alisema, "jambo moja linanitatiza. Mimi na mama tuliishi nawe nyumba ile ile. Damu zetu nimezipima mara tatu, hazina zebaki kabisa."

"Mngeipatia wapi?" Mzee alishangaa. "Si nilikuwa nawatoa nje? Bwana afya alipita mgodini akatuambia moshi ule ni sumu kwa mama na mtoto. Nikikiweka tu kikaango jikoni, nawatoa, nafunga mlango."

Nyamizi alikodoa macho. Komeo lile lililia tena masikioni mwake, safari hii kwa sauti nyingine kabisa.

"Na wewe je, baba?"

"Dhahabu haijichomi yenyewe, mwanangu." Aliweka kikombe chini, akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa umetulia tuli. "Ila kuna siku moja mvua ilinyesha, mkalowa sana. Ile siku mnisamehe."