Picha za Loveness

Kadi ya kamera ilikuwa ya moto. Walid aliihisi mara tu Kokushubila alipomwekea kiganjani, akadhani dada yule kaifumbata njia nzima kutoka Kimara. Saa sita mchana ile, studio yake ya Kinondoni ilikuwa inawaka jua.

"Picha za mwanangu Loveness zimo humo, zimefutika," alisema Kokushubila. "Alifariki mwezi wa tatu. Sina nyingine, kaka yangu."

"Kadi uliinunua mpya?"

"Ya mtumba."

Ansbert, mwenzake Walid kazini, aliichomeka kwenye kompyuta akaanza kuzirudisha. Zikaja moja moja: Loveness na sare ya shule, Loveness kapakaa keki puani. Kokushubila akacheka huku analia. Kisha zikaja picha za mwenye kadi wa zamani, za uganga: chano cha mayai na halua, mbuzi aliyechinjwa, mwanamume amelala kifudifudi na damu imemwagwa mgongoni.

"Hizi mtu alizifuta makusudi," Walid alinong'ona. "Zima, Ansbert. Zima!"

Ansbert hakuzima. Chumba kikanuka damu mbichi na marashi. Akageuka taratibu, macho meupe matupu, akamkaba Walid koo kwa mkono mmoja, akamnyanyua hadi miguu ikaning'inia, akambamiza kwenye kabati la vioo, akamvuta, akambamiza tena, vioo vikamwingia mgongoni, na kila Walid alipojaribu kupiga kelele kilichotoka ni povu la damu tu.

"Mlinifuta," ilisema sauti nzito kinywani mwa Ansbert. "Leo nani kaniita?"

Nusaiba, muuza vitenge wa mlango wa pili, alisikia vishindo, akachungulia, akakimbia kumwita Bi Khairiya, mama anayetibu wenye majini mtaani pale. Bi Khairiya aliingia anasoma dua, chetezo cha ubani mkononi. Jini likamwachia Walid. Likaanza kuvunja vidole vya Ansbert mwenyewe, kimoja kimoja, kama mtu anavunja kuni.

"Toka kwa kijana wa watu!"

"Nipeni kiti kingine, mwili wa kukalia."

"Hupewi kiti! Dada, chomoa hiyo kadi uitie kwenye makaa."

Kokushubila aliichomoa. Akaipeleka juu ya chetezo.

"Mtoto ninaye mimi," jini lilisema kwa upole. "Ukiichoma, anaungua."

"Linakudanganya, mwanangu," Bi Khairiya alisema kwa sauti ya chini. "Hizo ni picha tu."

"Kwako, mama," Kokushubila alimjibu.

Kidole cha nne kikavunjika, ko! Ansbert akatoa ukelele, safari hii kwa sauti yake mwenyewe. Kokushubila akamtazama kijana yule, akaitazama kadi.

"Mwache," alisema. "Kiti ni mimi."

Bi Khairiya alimrukia, lakini kadi ilikwisha kuingia mdomoni. Aliimeza kwa shida, kwa kukakamaa, damu ikimchuruzika pembeni mwa mdomo. Ansbert akaanguka kama gunia. Harufu ikakatika.

Walid alijikokota hadi kwa mwenzake, akamkuta anapumua. Kokushubila alijifuta midomo kwa khanga, akajitanda vizuri, akaenda mlangoni.

"Dada," Walid alimwita kwa koo lililokwaruzika. "Dada, subiri."

Akageuka, akatabasamu.

"Asanteni," alisema.

Zilikuwa sauti mbili kwa pamoja, na moja ilikuwa ya mtoto, inalia.