Shokapu Iliyogoma Kupona

Kila jioni, mama alipozima tu pikipiki uani, Chapuchapu alijua kazi inamsubiri. Mama alikuwa nesi wa chanjo. Vijiji alivyovihudumia vilikuwa ng'ambo ya vilima, ambako gari halifiki, kwa hiyo alipewa pikipiki ndefu ya njia mbovu, yenye matairi ya meno na shokapu za mbele zilizosimama kama miguu ya korongo. Ilirudi imepakwa tope hadi kwenye usukani. Kuiosha ilikuwa zamu ya binti yake, na jina la Chapuchapu hakulipata bure: kazi aliimaliza kabla hujamaliza kumtuma.

Jioni hiyo mama hakusalimia mtu. Alishuka, akachutama, akapitisha kidole kwenye shokapu. Kilitoka cheusi, kinateleza.

"Inavuja tena!" alifoka. "Mafuta yameshuka mpaka kwenye breki. Nimeteremka kile kilima roho mkononi, nabana breki, yenyewe inanicheka!"

Mjomba, ambaye kibanda chake cha ufundi kilikuwa pale pale uani, alitoka akijifuta mikono. "Dada, usinitanie. Zile sili, mipira ya kuzuia mafuta, nimezibadilisha juzijuzi tu."

"Na kabla ya hapo ulibadilisha. Unazifunga au unazibariki?"

"Mimi nafunga ninachouziwa! Yule muuza vipuri anatuuzia takataka. Leo atanitambua."

"Kesho watoto wananingoja kule juu. Nikikosa breki nisimame kwa kitu gani, kwa viatu?"

Mjomba alisonya, akainua pikipiki juu ya kreti, akafungua gurudumu na kushusha mpira wa kuzuia vumbi. Safari hii alipitisha ukucha polepole kwenye bomba linalong'aa la shokapu. Ukucha ukakwama. Akajaribu upande wa pili. Ukakwama tena.

"Bomba limekwaruzwa," alisema. "Shokapu ikipanda na kushuka, mikwaruzo hii inakata mdomo wa sili. Hata ukileta sili ya dhahabu itavuja."

"Basi ni bisibisi yako!"

"Bisibisi yangu haijagusa hapa!"

"Nani mwingine anafungua shokapu hii? Mimi nimechoka. Kuanzia kesho itakwenda kwa fundi mwingine."

Spana ilining'inia mkononi mwa mjomba kama kitu asichojua kazi yake.

Chapuchapu alihisi masikio yakiwaka moto. Ndani ya ndoo yake, chini ya kitambaa, zilikuwamo nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Tope kavu lilitaka kuloweshwa, kisha lisubiriwe lilainike, na kusubiri kulimchosha kuliko kazi yenyewe. Aliisukuma ndoo kwa mguu hadi nyuma ya pipa. Hakuna aliyemwona. Lakini mjomba bado alikuwa amesimama vile vile.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nimekuwa nikisugua kwa nyuzi za masufuria. Ili tope litoke haraka."

Mama alishika kiuno. "Jamani! Mtoto anaosha pikipiki kama sufuria iliyoungua!"

"Na mimi ningekagua bomba tangu mwanzo," mjomba alinung'unika, "badala ya kumlaani muuza vipuri wa watu. Njoo hapa, wewe. Leo utajifunza kusubiri."

Akampa msasa laini kabisa, uliolowa mafuta. Chapuchapu alisugua akilizunguka bomba, si juu na chini, mpaka mkono ukafa ganzi. Kila alipouliza kama imetosha, mjomba alipitisha ukucha na kujibu, "Bado." Ukucha ulipoteleza bila kukwama, mjomba alifunika ncha ya bomba kwa mfuko wa plastiki ili isiukate mdomo wa sili mpya, akaipaka grisi, akaigonga taratibu hadi ikakaa sawa. Kisha akajaza mafuta mapya, akabadilisha pedi za breki na kurudisha gurudumu.

Mama aliikandamiza pikipiki kwa uzito wake wote, tena na tena, halafu akafuta bomba kwa pamba nyeupe. Pamba ilitoka nyeupe.

"Ulijua saa ngapi kuwa ni wewe?" alimuuliza binti yake.

"Mjomba aliposema mikwaruzo."

"Ukanyamaza."

"Kidogo tu, mama."

"Katika hicho kidogo nimemfukuza kaka yangu kazi." Mama alimgeukia mjomba. "Nisamehe. Nilihukumu nikiwa na hasira." Mjomba aliitikia kwa kichwa. Mama akarudi kwa Chapuchapu. "Kazi ya pupa imeharibu sili, na sili tunapata nyingine dukani. Kimya chako kilikuwa kinaharibu jina la fundi. Hilo ningekutuma duka gani ukaninunulie?"

Chapuchapu aliitoa ndoo nyuma ya pipa, akamkabidhi mama zile nyuzi za chuma. Kisha akamwagia maji tope la matairi, akakaa kusubiri lilainike.