Mkunga Afungua Ukurasa

Kila asubuhi Mkunga alifungua madirisha ya wadi yake. Alibadilisha shuka za vitanda viwili, ingawa hakuna aliyezilalia. Alichemsha vifaa. Alipangusa mizani ya kupimia watoto. Kisha alikaa peke yake kwenye benchi la wajawazito, akashika tama.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Mkunga. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika hospitali kubwa upande wa pili wa mji. Alipostaafu, aliomba kibali, akafungua kituo kidogo cha kujifungulia, mlango wa pili kutoka nyumbani kwake. Alitaka wanawake wa mtaa wasisafiri mbali uchungu ukiwa umewabana. Lakini hawakuja. Walipita mlangoni pake na matumbo yao, wakaenda kupanga foleni kule kule alikotoka yeye.

Alichokikosa zaidi ni sauti. Ile sauti ya kwanza ya mtoto, kali, yenye hasira, kama ya mtu aliyeamshwa kabla ya usingizi kumtosha. Hospitalini aliisikia kila siku mpaka akaizoea. Siku hizi mtoto wa jirani akilia tu, alisimamisha ufagio, akasikiliza mpaka kilio kinyamaze.

Mumewe alijaribu kumchangamsha. Alisema wajawazito wakizidi kuchelewa, yeye atahamia kitanda kimojawapo, maana chao kinalalamika kuliko mkewe. Mkunga alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Walikuwa wamekubaliana kwamba mwaka ukiisha hivi hivi, watafunga kituo.

Jirani yao alikuwa Mama Keki. Alioka keki jikoni kwake, na simu yake ilikuwa na unga siku zote. Watu wa mbali walimjua kwa sababu ya picha alizoweka kwenye mitandao ya kijamii. Siku moja alimkuta Mkunga pale benchini, akakaa kando yake.

"Shoga, nani anajua kama upo?" aliuliza. "Mimi nisipoweka picha, keki zangu nazila mwenyewe. Na unaona jinsi nilivyo."

Hapo hapo akamfungulia ukurasa. Akamwelekeza jinsi ya kupiga picha, kuandika maneno machache chini yake, na kuweka namba ya simu. Akamwambia aanze na kitu anachojivunia.

Mkunga hakufikiri sana. Alichojivunia ni vifaa vyake. Akavipanga kwenye sinia: mikasi, koleo, sindano, nyuzi za kushonea. Vilimetameta. Aliandika chini yake, "Karibuni sana, tuko tayari." Jioni Mama Keki alimsomea maoni ya watu. Mwanamke mmoja alikuwa ameandika kwamba alipanga kuzaa mwakani, sasa ameahirisha.

"Hivyo unawaonyesha kisu," Mama Keki alisema huku akijifuta machozi ya kicheko. "Mimi naonyesha keki. Onyesha mtoto, shoga."

Basi Mkunga akamngoja mtoto wa kuonyesha.

Alipatikana. Mke wa dereva wa lori, mteja wa Mama Keki, alishikwa na uchungu asubuhi, akaletwa kituoni. Alijifungua salama kabla ya mchana. Mtoto alipolia, Mkunga alisimama kidogo akiwa amemshika, macho yamefumbwa. Alihisi mikono yake imerudi kutoka safari ndefu.

Mama alisinzia. Mkunga akamweka mtoto kwenye mizani, akampiga picha. Akaiweka kwenye ukurasa. Aliandika uzito wa mtoto, na kwamba ni wa kiume, na kwamba mama yake ni mke wa dereva wa nyumba ya geti jekundu. Mioyo na vidole gumba vilimiminika. Mkunga alitembea wadini kama msichana.

Alasiri alimkuta yule mama ameketi kitandani, analia kimya kimya. Simu ilikuwa mapajani.

Mumewe alikuwa safarini, amekwama kwenye foleni ya malori mpakani. Madereva wenzake walimwonyesha picha ya mtoto wake wakiwa kwenye kibanda cha chai. Mmoja alimpongeza kabla yeye mwenyewe hajajua kama mkewe yuko hai.

"Nilikuwa namngoja apate mtandao mzuri," yule mama alisema. "Nilitaka nimgeuzie simu polepole, amwone mtoto, na mimi nimwone yeye. Miezi tisa nimeiwaza ile sura yake. Sasa kila mtu pale kibandani ameiona, isipokuwa mimi."

Mkunga aliifuta picha mbele yake. Lakini watu walikwisha kuichukua na kuipeleka kwingine. Picha ile haikuwa tena mkononi mwake.

Usiku ule hakula. Kesho yake alimpigia simu mdogo wake, ambaye alifanya kazi ya elimu ya afya katika zahanati ya serikali. Mdogo mtu alikuja siku ya mapumziko. Mama Keki naye alijileta, uso umemshuka, akisema kosa ni lake.

"Si lako peke yako," mdogo mtu alimwambia. "Wewe ulifundisha unachokijua. Ila keki haina baba. Wala haina aibu."

Kisha akamgeukia mkubwa wake.

"Dada, ulipokuwa hospitalini, ungesimama mlangoni ukamtangazia kila apitaye kwamba fulani amezaa?"

"Hata kidogo. Siri ya mzazi ni siri."

"Na huu ukurasa ni mlango. Ila wanaopita hapa ni wengi kuliko pale barabarani."

Aliwaeleza taratibu. Picha ya mtoto ni ya wazazi wake. Wakitaka ionekane, ni wao wa kusema. Mkunga anaweza kuomba, lakini asimwombe mama akiwa kwenye uchungu, wala akiwa amechoka hajitambui. Amngoje atulie, azungumze na mwenzake. Amweleze picha itawekwa wapi na nani wataiona. Akikataa, ahudumiwe vile vile. Akikubali leo na kesho akabadili mawazo, picha iondolewe. Na hata akikubali, jina, nyumba na habari za mwili wake zisiandikwe.

"Sasa nitaonyesha nini?" Mkunga aliuliza. "Vifaa vinatisha. Watoto si wangu."

Mdogo wake alimwambia hilo asimwulize yeye. Awaulize wanaobeba mimba.

Hiyo ikawa safari ngumu kuliko zote. Mkunga alipiga moyo konde, akaenda kwenye nyumba ya geti jekundu. Yule mama alimpokea kwa adabu, lakini bila tabasamu. Mkunga hakujitetea. Alisema amekosa, na kwamba kilichopotea hawezi kukirudisha. Mama yule alimsikiliza huku ananyonyesha. Mwishowe akamsogezea kigoda.

Mkunga alimuuliza ni kitu gani alitamani kukijua kabla hajaja kituoni.

"Sauti yako," yule mama alijibu. "Nilikuwa napita mlangoni pako kila siku, mama. Nilijiuliza, huyu ni wa kufoka au wa kutuliza? Nitaruhusiwa kuwa na mtu wangu? Mambo yakiharibika, atanipeleka wapi? Vitanda nilijua unavyo."

Mkunga alirudi nyumbani na maneno hayo. Tangu siku hiyo ukurasa ukabadilika. Hakuna aliyeona sura za watoto. Waliona mlango wa kituo na njia ya kufika. Waliona kiti cha mtu wa kumsindikiza mjamzito, na benchi, na chai. Mara mbili kwa wiki walisikia sauti ya Mkunga, pole na nzito kidogo, akieleza jambo moja tu kwa maneno machache. Nguo za kuandaa. Umuhimu wa kuanza kliniki mapema. Jinsi uchungu unavyoanza. Nini atafanya mwenyewe, na nini lazima kipelekwe hospitali kubwa. Hakumwahidi mtu kwamba hatasikia maumivu. Aliahidi kwamba hatamfokea.

Mdogo wake alimsisitizia jambo moja zaidi: asimtibu mtu kwa ujumbe. Ndiyo maana juu kabisa ya ukurasa aliandika kwamba mjamzito akitokwa na damu, akiumwa sana kichwa na kuona ukungu, akipata degedege, chupa ya uzazi ikipasuka kabla ya wakati, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, asingoje jibu la simu. Aende hospitali mara moja. Mwanamke mmoja alimwandikia kwamba kichwa kinampasuka na macho hayaoni vizuri. Mkunga hakuanza kumuuliza maswali ya kuandika. Alimpigia simu, akamsisitizia aende hospitali wakati ule ule, naye akawahi. Baadaye daktari wa huko alimweleza mgonjwa kwamba shinikizo lake la damu lilikuwa limepanda vibaya.

Watu hawakuja kwa mkupuo. Alikuja mmoja kuuliza tu. Akaja mwingine na mama mkwe wake, wakakagua hadi choo. Kisha benchi likaanza kuwa na watu, na Mkunga akalazimika kuleta viti kutoka nyumbani. Mumewe alilalamika kwamba sasa anakula amesimama. Alilalamika kwa furaha. Habari ya kufunga kituo haikutajwa tena.

Asubuhi moja aliingia mwanamke mgeni kabisa, ameshika kiuno, amefuatana na dada yake. Mkunga alipomkaribisha, mgeni alifumba macho katikati ya uchungu.

"Ni yeye," alimwambia dada yake. "Sauti ni ile ile."

Alijifungua binti mchana. Mtoto alikawia kidogo kulia. Mkunga akamfuta mwili kwa kitambaa, akamsugua mgongo. Kisha ikatoka ile sauti, kali, yenye hasira, ikajaza chumba kizima. Mkunga alisimama akiisikiliza.

Mgeni alinyoosha mkono. Aliomba simu yake. Mama yake mzazi alikuwa mbali, alisema, nchi nyingine, na hajamwona kwa miaka. Macho ya mama huyo siku hizi hayaoni hata picha.

Mkunga akamwekea mtoto kifuani. Simu ilipokelewa upande wa pili, Mkunga akaisogeza karibu na kile kinywa kidogo kilichokuwa kinalia.

Kutoka kule mbali sauti ya mwanamke mzee ikasema, "Nimekusikia, mjukuu wangu. Nimekusikia."

Mkunga aliiweka simu mkononi mwa mgeni, akatoka polepole, akaufunga mlango nyuma yake ili wawe peke yao.